Santorini kwa siku moja: dereva au mwongoza watalii?
Kisiwani Santorini, ziara ya faragha ya siku moja huuzwa kwa namna mbili ambazo katika matangazo hufanana sana: ipo ya dereva anayekijua kisiwa, na ipo ya mwongoza watalii mwenye leseni. Uliza kabla ya kulipa, kwa kuwa sheria za Ugiriki hazimruhusu dereva kukuongoza ndani ya maeneo ya kiakiolojia. Ukifika Akrotiri, mji wa kale uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, atakuacha langoni uingie peke yako, na bila maelezo magofu yale huonekana kuwa kuta tu. Uliza pia kama kiingilio kimo katika bei.

Pendekeza ratiba yako mwenyewe. Kijiji cha Oia kitembelewe asubuhi mapema, kabla abiria wa meli za kitalii hawajapanda kutoka bandarini, na Akrotiri iachiwe saa za jua kali, kwani magofu yake yamejengewa paa. Machweo ya Oia, kwa maoni yangu, yanasifiwa kupita kiasi. Kwenye mnara wa taa, kusini-magharibi mwa kisiwa, utaliona jua lilelile likizama baharini pasipo msongamano wa namna ile.