Mngwa anaweza kuwa mwindaji wa usiku? Namna ya kumpima

Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji upande wa Liwale, na hakuna msimu wa mavuno unaopita bila mtu kuniuliza habari za mngwa. Wengine humwita nunda. Sifa zake pwani yote ni zilezile: paka mkubwa kama punda, wa kijivu mwenye michirizi, hutoka msituni usiku, huua mtu na kutoweka. Wanaoniuliza nawaambia waache kwanza ubishi wa yupo au hayupo. Mpime kama angeweza kuishi kwa kazi hiyo anayosifiwa nayo, maana kuwinda usiku ni kazi, na kazi huacha alama.

Anza na msimulizi. Keti naye vizuri, kunywa chai yake, kisha muulize: ulimwona wewe au uliambiwa? Ilikuwa saa ngapi? Mwezi ulikuwaje? Kutoka ulipokuwa hadi alipokuwa, ni hatua ngapi? Habari ya rangi itilie shaka mapema. Gizani jicho la binadamu halitambui rangi, ng'ombe mwekundu na simba wa manjano wote huwa kijivu. Na mbalamwezi ikipita kwenye majani huchora michirizi juu ya chochote kilicho chini yake, hata mbuzi wako mwenyewe. Kwa hiyo "wa kijivu mwenye michirizi" naihesabu kwanza kuwa sifa ya usiku.

Halafu tafuta tarehe. Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, nami nasema ndipo penye utamu. Mkoa wetu wa Lindi, pamoja na Rufiji, ni kati ya sehemu zilizoumizwa sana na simba wala watu. Nchini Tanzania, kati ya 1990 na 2004, simba waliua watu wasiopungua 563. Watafiti waliochambua rekodi za kusini mashariki waliona kwamba mashambulizi huzidi usiku zinazofuata mwezi mpevu, tena saa za mwanzo za giza, kuanzia magharibi hadi kama saa nne. Sababu yake inaeleweka. Mwezi ukiwaka usiku kucha simba hupata tabu kunyemelea, anashinda njaa. Mwezi ukishaanza kuchelewa kuchomoza, kunakuwa na giza totoro jioni huku watu bado wako nje, wanaota moto, wanakwenda chooni, au wamelala kwenye dungu wakilinda mpunga na mahindi. Nguruwe mwitu ndiye anayemleta simba shambani. Mtu hukutwa tu njiani.

Basi chukua kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani, utafute siku ya tukio. Ukiona matukio ya "mngwa" wako yanaangukia tarehe 16 hadi 20 za mwezi, baada tu ya magharibi, ujue anafuata ratiba ya simba. Yakitawanyika ovyo, mengine mchana kweupe, uchunguze na uwezekano wa muuaji mwenye miguu miwili. Hilo nalo limewahi kutokea nchi hii, mnyama akasingiziwa.

Nyayo zitafute alfajiri, kabla mbuzi hawajapita. Weka kiberiti pembeni ya unyayo upate kipimo, piga picha ukiwa umesimama juu yake kabisa, si kwa upande. Jamii ya paka, ukimtoa duma, huacha vidole vinne bila alama za kucha, na kisigino chake kwa nyuma kina nundu tatu. Fisi huacha kucha, na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Ukiona vidole vitano vyenye kucha ndefu, huyo ni nyegere, mdogo wa mwili lakini ana fitina. Kwenye matope laini unyayo hutanuka, kwa hiyo usipime mmoja ukatangaza jini. Pima kadhaa za mfululizo.

Sauti usizitegemee. Katika misitu yetu mlio wa kutisha kuliko yote usiku ni wa perere, na perere ni mla majani asiyezidi sungura. Komba naye hulia kama mtoto mchanga. Macho yanayong'aa kwenye tochi hayatoshi vilevile: mbuzi, swala na komba wote macho yao hung'aa. Kama unataka kicheko kidogo, mwindaji wa usiku ambaye sayansi ilimtambua kweli katika msitu wa Rondo, hapahapa Lindi, miaka ya 1990, ni komba wa uzito wa kama gramu 60. Windo lake ni wadudu.

Sasa piga hesabu ya chakula. Mnyama mla nyama wa ukubwa wa punda ni sawa na simba dume, na simba huhitaji wastani wa kilo tano hadi saba za nyama kwa siku. Peke yake hawezi kuzaliana, lazima wawepo wenzake. Zidisha. Nguruwe mwitu, pongo na ng'ombe wa majirani wangepungua, mizoga ingeonekana, kinyesi chenye manyoya kingeonekana njiani. Katika hadithi ya zamani ya nunda mla watu, kijana wa sultani huleta nyumbani mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara mama yake humwambia huyo siye. Nami nafanya kazi ya yule mama: namtoa fisi, namtoa chui, namtoa simba, kisha natazama kilichobaki.

Kwangu hubaki kitu kimoja. William Hichens, Mwingereza aliyekuwa hakimu Lindi, aliandika mwaka 1937 kwamba askari aliyekuwa zamu ya usiku sokoni alikutwa ameuawa, mkononi ameshika nywele za kijivu. Nywele hutazamwa mchana, kwa hiyo hoja yangu ya giza haizigusi. Lakini nywele za kijivu anazo fisi, anazo nyani, anazo hata punda wa mpagazi. Kwa tabia, mngwa ni mwindaji wa usiku kamili, sina ubishi. Tatizo ni kwamba hakuna alilofanya ambalo simba wa Lindi hakuliweza.

Mlango siufungi. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji, aina ya kima, kabla wataalamu hawajamwona mlima Rungwe mwaka 2003, na sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alinaswa Udzungwa mwaka 2005 na kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita. Ukiweza kupata kamera hizo, zifunge mbili zikitazamana pande mbili za njia ya wanyama, usawa wa goti, ufyeke majani mbele yake. Jani likitikisika usiku kucha utaletewa picha mia za jani. Usizielekeze machweo. Na usikae kumvizia mwenyewe, hata ukiwa na bunduki.

Ukikuta nywele kwenye mwiba au kwenye boma, usizishike kwa mkono. Zichukue kwa vijiti, pamoja na mashina yake, uziweke kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuziozesha. Andika mahali, tarehe na saa, kisha mpelekee afisa wanyamapori wa wilaya, umwombe zipimwe maabara.