Kuku wa dola tano: mtumie mpaka mfupa wa mwisho

Kwa sisi tunaoishi Marekani, ni vigumu kupata nyama iliyokwisha kuiva kwa bei ya yule kuku anayezungushwa kwenye mashine dukani. Kwenye maduka makubwa ya Costco wanamuuza dola 4.99, bei ambayo hawajaigusa tangu 2009, na ana uzito wa ratili 3, karibu kilo 1.4. Sam's Club wanamuuza senti moja chini ya hapo. Mara nyingi kuku mbichi mzima ni ghali kuliko huyo. Duka halimtegemei kuku kwa faida. Linataka utembee mpaka nyuma kabisa anakokaa, na njiani ujaze toroli. Costco walifika hadi kujenga kiwanda chao cha kuku huko Fremont, Nebraska, kilichoanza kazi 2019, ili wailinde bei hiyo. Basi ingia, nunua ulichokusudia, chukua kuku, lipa, toka.

Kinachoniuma ni namna tunavyomla. Usiku wa kwanza watoto wanamaliza mapaja, kidari kinakaa kwenye friji mpaka kinakuwa kama mbao, mifupa inakwenda kwenye taka. Kuku huyu analisha nyumba siku tatu, ilimradi usisahau kwamba ameshaiva na ameshatiwa chumvi. Hatua zote hizi zinatoka hapo.

Kwanza mawili ya kuangalia. Kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, kwa kawaida hainunui chakula cha moto, lakini maduka mengi huwapoza kuku waliobaki na kuwaweka kwenye majokofu. Hao wa baridi unaweza kuwanunua kwa kadi. Na kama unakula halali tu, soma lebo, kwa sababu kuku wengi wa maduka haya makubwa hawana alama hiyo. Baadhi ya maduka ya Waarabu huuza kuku wa aina hii waliochinjwa kihalali. Bei inapanda kidogo, ila mapishi ni yaleyale.

Hatua ya 1: Mchague

Maduka mengi hubandika saa kuku alipotolewa kwenye moto. Mchukue wa karibuni. Kama wote wamekaa, muulize mhudumu wengine wanatoka lini, kisha fanya manunuzi mengine ukisubiri. Tazama ngozi: iliyojikunja na kushikana na mfupa ni ya kuku aliyekaa sana kwenye joto, na kidari chake kimeshakauka. Mchukue mwishoni, ukielekea kulipa. Nyama isikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na siku za joto kali, zaidi ya nyuzi 32 za Selsiasi, isizidi saa 1.

Hatua ya 2: Mchambue angali na joto

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua yote. Akishapoa, mafuta yanaganda na nyama inang'ang'ania mfupa. Mweke kwenye sinia pana, msubiri mpaka mkono uweze kuvumilia, kisha anza.

Kabla ya yote, mimina maji yaliyo chini ya mfuko kwenye bakuli na uliweke kwenye friji. Kesho utakuta mafuta yameganda juu, na chini yake mchuzi umekuwa kama jeli ya rangi ya kahawia. Usitupe hata kijiko.

Pindua paja nje mpaka kiungo kiachie, kisha vuta. Fanya hivyo na vipapatio pia. Kidari usikichane. Pitisha kidole gumba kando ya mfupa wa kifua, ukisukuma kuelekea chini, nofu zima litatoka kwa mkupuo. Liache zima mpaka saa ya kupika, maana nyama iliyochambuliwa nyuzi nyuzi hukauka haraka kwenye friji. Sasa mgeuze kuku kifudifudi: pembeni ya uti wa mgongo, juu kidogo ya yalipokuwa mapaja, kuna vinofu viwili vya duara, laini kuliko nyama yote. Hivyo ni haki ya anayechambua.

Gawa kwenye vyombo vitatu: minofu mikubwa, vipande vidogo, na mifupa pamoja na ngozi iliyobaki. Kwenye friji nyama inakaa siku 3 hadi 4. Ukijua hutaimaliza, ipeleke kwenye friza siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Usiku wa kwanza

Mapaja na vipapatio, ugali, kachumbari yenye ndimu ya kutosha. Usiongeze chochote.

Hatua ya 4: Kidari kwenye mchuzi wa nazi

Kosa la kawaida ni kumtia kuku huyu mwanzoni, kama unavyomtia kuku mbichi, akachemka nusu saa na kuwa makapi. Hapa mchuzi unaiva kwanza, peke yake.

Chukua yale mafuta yaliyoganda, kaangia kitunguu maji mpaka kianze kubadilika rangi. Tia thomu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha nyanya, manjano na bizari nyembamba. Kaanga nyanya mpaka mafuta yajitenge. Tia jeli yote, halafu tui la kopo moja, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Kwenye maduka ya Kimeksiko huitwa habanero. Acha uchemke taratibu mpaka uwe mzito.

Sasa kata kidari mapande manene, kukatisha nyuzi za nyama, uyatumbukize. Dakika 4 au 5 zinatosha nyama kupata moto hadi ndani. Zima, kamulia ndimu, nyunyiza kotmiri. Chumvi onja mwisho kabisa. Mara nyingi haihitajiki, kwa kuwa kuku hawa hulowekwa au kudungwa maji ya chumvi kabla ya kuokwa.

Hatua ya 5: Vipande vidogo

Hivi ni vya sambusa au katlesi. Katakata, changanya na kitunguu kibichi, kotmiri na pilipili manga, funga kwenye manda. Kwa kuwa nyama imeiva, huhitaji kuikaanga kwanza. Ni moja ya njia za haraka zaidi za kupata sambusa siku ya kazi. Ngozi ipange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka ikakamae, uivunjevunje juu ya wali.

Hatua ya 6: Mifupa

Tia mifupa yote kwenye sufuria pamoja na kitunguu kilichokatwa kati, kipande cha tangawizi na karoti. Funika kwa maji baridi, chemsha kwa moto mdogo saa 2, bila chumvi. Ukiwa na sufuria ya presha, dakika 45 zinatosha. Chuja.

Nusu inywe hivyohivyo asubuhi, na ndimu na pilipili. Nusu iliyobaki itumie badala ya maji unapopika pilau: vikombe 2 vya mchele wa basmati uliolowekwa kwa vikombe 3 vya supu. Kama huna nafasi ya pilau wiki hii, mimina supu kwenye mifuko ya friza, ilaze bapa igande, na andika tarehe juu. Itumie ndani ya miezi 3.