Somo: Kitabu cha mkono cha historia ya ukoo, kuanzia mkunjo wa kwanza hadi meza ya maonyesho

Wengi mmeomba somo hili ili mpeleke vitabu vyenu kwenye maonyesho. Leo tunatengeneza kitabu cha mikunjo: hakishonwi, na kikifunguliwa husimama chenyewe mezani.

Vifaa: manila moja ya A1, boksi gumu, khanga, gundi nyeupe, unga wa ngano, karatasi nyembamba, rula ya chuma, kisu cha karatasi na kijiko.

1. Hadithi kwanza. Ukoo mzima hautaingia humu. Chagua kitu kimoja, kisha hicho ndicho kiamue umbo la kitabu. Tuseme babu alikuwa kibarua wa mkonge Tanga enzi za mkoloni. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Kitabu chetu kina kurasa 8: mbili zitabandikwa kwenye majalada, zibaki 6 za mbele. Gawa kila moja visanduku 5, unapata 30 kamili. Siku unayoijua habari yake, iandike. Usiyoijua, acha kisanduku kitupu. Mtazamaji ataona ukubwa wa yaliyopotea kabla hajasoma neno.

2. Picha na vyeti. Tumia kopi tu, tena za mashine ya laser, maana za wino huchuruzika zikigusana na gundi. Picha halisi usiibandike kamwe. Ukitaka kuandika jina nyuma yake, tumia penseli laini, usikandamize.

3. Kukata na kukunja. Pinda manila taratibu kwa urefu, halafu kwa upana. Mkunjo unaokubali kirahisi ndio unaofuata nyuzi za karatasi, na mikunjo yote ya kitabu iende huko, la sivyo itapasuka na kurasa zitabenuka. Kata kanda 2, kila moja kimo sm 15 na urefu sm 57. Pima kurasa 4 za sm 14. Sentimita moja inayobaki kwenye ukanda wa kwanza ni ulimi wa kuungia ukanda wa pili, na ya ukanda wa pili uikate. Kandamiza mikunjo kwa mgongo wa kijiko.

4. Jalada. Hapa msiharakishe. Khanga ikipakwa gundi moja kwa moja, gundi hupenya na kuacha madoa upande wa mbele. Ifue, ipige pasi, kisha ipe mgongo: pika uji wa kijiko 1 cha unga kwa vijiko 5 vya maji, uache upoe, paka kwenye karatasi nyembamba, laza khanga juu yake na uiache ikauke usiku kucha.

Kata maboksi 2 ya sm 14.6 kwa 15.6, na khanga izidi sm 2 kila upande. Angalia vizuri unakata wapi. Mimi hupenda jina la khanga lipite katikati ya jalada, kwa sababu bibi aliyeivaa aliichagua kwa maneno yale. Bandika kwa gundi nyeupe, punguza pembe, kunja kingo ndani. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho hubandikwa ndani ya majalada. Weka nailoni kati ya kurasa hizo zilizobandikwa na zile nyingine, lalia vitabu vizito hadi kesho yake.

5. Mezani. Meza iwe usawa wa kiuno, mbali na jua la dirishani, maana khanga hupauka. Ruhusu watu waguse kwa mikono safi na mikavu. Glavu hupunguza wepesi wa vidole na kurasa huchanika. Kama unahofia, tengeneza nakala ya pili ya kushikwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwetu hatuna picha hata moja. Nifanyeje?*
Dada yangu, chora ramani ya nyumba kama shangazi anavyoikumbuka: jiko, kisima, mti wa kivuli. Mwache aichore mwenyewe, na mistari yake inayotetemeka usiisahihishe.

*Shikamoo mwalimu. Baba wadogo hawataki ugomvi wa shamba uonekane hadharani.*
Marahaba. Wasomee kabla hakijatoka nyumbani. Wakikataa, ukurasa huo ukunje na uufunge kwa uzi. Watu wataona kuna jambo, na siri itabaki kwenu.

*Hii sanaa si ya Wazungu?*
Kutengeneza kitabu kwa mkono kuna historia ndefu pwani yetu. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa waandishi wa misahafu katika karne ya 18 na 19, wakinakili na kupamba kwa wino mweusi na mwekundu.

*Niko Mombasa. Uji wa ngano hauleti wadudu?*
Huleta, hasa kwenye unyevu. Tumia mwembamba, uwe umekauka kabisa kabla hujafunika. Ukiona bado una wasiwasi, nunua kitambaa cha jalada kilichokwisha bandikwa karatasi nyuma, ila jina la khanga utalikosa.