SOMO: Kuandika kila siku kwa sisi tunaoandika vitabu visivyo riwaya

Wakuu salaam. Swali la jinsi ya kuandika kila siku ukiwa na kazi nimelijibu mara nyingi mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa moja kwa moja na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Mimi naandika kitabu cha historia ya mkonge Tanga, na mchana niko kazini kama wengine.

1. Chagua saa moja usiibadilishe. Yangu ni baada ya swala ya alfajiri.

2. Maneno 200 tu. Siku 300 ni maneno 60,000, hicho ni kitabu.

3. Simu ikae chumba kingine.

4. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU, someni taratibu. Saa ya kuandika usitafiti. Mwanzoni nilikuwa nikifika penye mwaka au idadi nasimama, nafungua kitabu nihakiki, hicho kinanipeleka kwenye kingine, naingia intaneti, kuja kushtuka kumekucha na sentensi tatu sina. Kuna siku naandika jinsi Richard Hindorf, yule Mjerumani mtaalamu wa kilimo, alivyoleta miche ya mkonge Tanga mwaka 1893, nikataka kujua tu ilifika mingapi ikiwa hai, ikaniondokea wiki nzima. Ni 62. Wiki nzima kwa namba moja!

Halafu nikafanya baya zaidi, nikawa naweka namba ya kukisia ili niendelee, nasema nitarekebisha baadaye. Baada ya miezi miwili sijui tena ipi ya kweli ipi ya kukisia, nikahakiki upya sura tatu, mstari kwa mstari. Kwa hiyo USIKISIE. Usipojua andika TAFUTA kwa herufi kubwa halafu songa mbele, Jumamosi unazisaka TAFUTA zote kwenye faili unazijaza. Namba ya uongo ikishachapwa watu wanainukuu, na huwezi kuifuata kila ilikokwenda.

5. Kabla hujafunga, andika swali utakaloanza nalo kesho.

6. Ukikosa siku usilipe deni. Kesho ni 200, si 400.

MASWALI

Mdau wa Dodoma: Mkuu somo zuri, sasa kwa siku niandike maneno mangapi?

Jibu: Hatua ya 2.

Mdau wa Mwanza: Hiyo TAFUTA ni uvivu tu, mwandishi makini anahakiki papo hapo.

Jibu: Ndugu nimesema kila TAFUTA inajazwa kabla kitabu hakijatoka, sijasema iachwe. Kama wewe unahakiki papo hapo na bado unaandika kila siku, endelea. Mimi ilinishinda na nimeeleza ilivyonishinda.

Mdau wa Arusha: Mimi nimeajiriwa, muda wa kuandika sina kabisa.

Jibu: Nami nimeajiriwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, forodhani Pangani huko, na maandishi yake tunayo.

Mdau wa Mombasa: Shikamoo mwalimu. Mimi nakusanya habari za wazee, siku ya mahojiano natoka asubuhi narudi usiku nimechoka hoi. Siku hiyo nayo nihesabu?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana hili. Ihesabu, ila kabla ya kulala andika zile 200 kuhusu yale ambayo rekoda haikuyanasa. Mzee mmoja hapa alinionyesha kwa mikono walivyokuwa wakilisha majani kwenye korona, yaani mashine ya kukamua mkonge, na kwenye sauti unasikia tu "hivi, hivi". Nisingeandika usiku ule ingepotea. Na maneno yake yaache alivyoyasema, akisema manamba andika manamba, usimgeuzie kuwa vibarua wa mkataba, maana ndani ya neno hilo kuna namba aliyopewa mtu badala ya jina lake.

Mdau wa Mombasa: Ahsante sana, hilo la mikono sikuwa nimelifikiria.

Mdau wa Morogoro: Naongezea kwa wanaorekodi, mwanzoni kabisa taja tarehe, mahali na jina la mzee, na ridhaa yake isikike humo humo. Nina sauti 11 sijui ni za nani.

Jibu: Zipeleke kwa wajukuu zao wakusikilizie, sauti ya babu hawaikosei. Wahi mapema lakini.

Mdau wa Dodoma: Mkuu hatua ya 2 nimeiona. Maneno 200 pamoja na kichwa cha habari?

Jibu: Andika kwanza.