SOMO: Namna ya kudai picha yako iondolewe kwenye tovuti iliyoichukua bila idhini

Swali hili linarudi kila mara, nami nimechoka kulijibu vipande vipande. Tafadhali someni lote kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Hifadhi picha ya skrini ya ukurasa huo, anwani na tarehe zikionekana.

Hatua ya 2. Tafuta faili asilia.

Hatua ya 3. Mwandikie mwenye tovuti kwa adabu. Wengi huondoa bila ubishi.

Hatua ya 4. Akikaa kimya, iandikie kampuni inayohifadhi tovuti yake. Hapa ndipo madai mengi huharibika. Kampuni zinazofuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo DMCA huhitaji sahihi yako, maelezo ya kazi yako (yaani picha yenyewe), mahali hasa nakala ilipo, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana idhini, na tamko kwamba maelezo yako ni sahihi na una mamlaka ya kudai, ambapo kudanganya kuhusu mamlaka hayo ni sawa na kula kiapo cha uongo. "Mahali hasa" maana yake ni anwani ya ukurasa wenye picha, si jina la tovuti. Kuonekana kwenye picha hakukufanyi mwenye hakimiliki. Kwa kawaida mwenyewe ni aliyeipiga. Tena usidai kabla ya kupima kama picha imetumiwa kwa uhakiki au maoni, kwani mwaka 2015, katika kesi ya Lenz, mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema mdai ni lazima alitafakari hilo kwanza.

MASWALI

Mwanachama: Mkuu, nimewatumia jina la tovuti, wamekataa. Nifanyeje?

Jibu: Soma hatua ya 4.

Mwanachama: Nimesoma, lakini ni ndefu. Huwezi kuniandikia wewe?

Jibu: Hapana. Tamko ni lako, na atakayewajibika ukidanganya ni wewe.

Mwanachama: Sikuisajili picha popote. Je, bado ninalindwa?

Jibu: Ndiyo, na umeuliza jambo la msingi. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, hakimiliki haitegemei usajili katika nchi wanachama. Hata hivyo, kwa kazi za Marekani, usajili hutakiwa kabla ya kufungua kesi huko.

Mwanachama: Iliondolewa, kisha mwenye tovuti akapinga. Sasa itakuwaje?

Jibu: Kampuni hukupa nakala ya pingamizi, kisha huirudisha picha kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa uijulishe kwamba umefungua kesi. Kwa hiyo ukilipata pingamizi, muone wakili mapema, usisubiri siku ya mwisho.

Mwanachama: Nyongeza kuhusu hatua ya 2: msitegemee nakala mliyotumiana kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza taarifa za kamera.

Jibu: Ahsante sana. Anayelazimika kutumia njia hiyo aitume kama faili.