Namna ya kulifunga shamba la familia lisigeuke ploti

Shamba la babu huko Dagoretti haliishi kwa siku moja. Huanza kumegwa robo ekari ya karo, ikafuata ya bili ya hospitali, mwishowe magorofa yanachungulia kishamba cha nduma kilichobaki. Mimi ni wakili wa ardhi hapa Nairobi. Familia zinazotaka shamba libaki shamba, huwa tunakwenda nazo hivi.

Anzeni na hati. Fanyeni sachi, yaani utafutaji wa rekodi za hati, kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, muone ni jina la nani limo. Likiwa bado la marehemu, hakuna wa kutia sahihi. Malizeni sakseshoni kwanza, yaani kesi ya mirathi. Hapa ndipo wengi hukwama, na njia ya mkato sijaiona. Familia moja tulikuwa tumeshaandaa kila kitu, ndipo tukagundua kaka mmoja amepokea arbuni ya kona inayopakana na barabara. Tangu hapo siandiki neno kabla watoto wote, mabinti walioolewa wakiwemo, hawajaketi mbele yangu. Mke au mume wa mwenye hati naye akubali kwa maandishi.

Kisha mwiteni mpima ardhi, tafuteni bikoni (alama za mipaka), mlichore shamba: hapa tunalima, kando ya mto hatugusi, huku watoto watajenga. Sehemu hiyo ya mwisho msiisahau. Mkimnyima mjukuu mahali pa kulala, yeye ndiye atakayekwenda kortini kuyavunja masharti yenu. Andikeni yanayopimika, kama vile "hakuna jengo ndani ya mita 30 kutoka mtoni". "Tutatunza mazingira" halimfungi mtu yeyote.

Hatua ya tatu ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Milimani. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kuanzia kifungu cha 112, inaipa mahakama uwezo wa kuiwekea ardhi wajibu wa uhifadhi, kwa miaka maalumu au daima: kulinda maji ya mto, maeneo ya wazi, mimea na wanyama. Wajibu huo huishika ardhi yenyewe, kwa hiyo atakayenunua baadaye ananunua pamoja nao. Pimeni muda huo kwa utulivu. Neno "daima" litawabana hata ambao hawajazaliwa.

Fikirieni pia pesa, maana karo haingojei. Kule Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi, mpango ulioanza mwaka 2000 uliwalipa wenye ardhi takribani dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze wala kuweka ua, wanyama wapite. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, wakati wa karo. Naupenda mpango ule kwa sababu uliielewa familia inavyoishi.

Amri ikitoka, ifuatilieni hadi masjala ya ardhi iandikwe dhidi ya hati, halafu mfanye sachi upya. Masharti yasipoonekana hapo, mnunuzi atasema hakujua, na mtapata shida kumpinga.