Jinsi ya Kusoma Safari ya Mtupaji wa Besiboli Aliyehama Klabu Nyingi

Mpenzi wa soka anayefungua kwa mara ya kwanza ukurasa wa takwimu za Edwin Jackson hukuta majina ya klabu 14 za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, yaani MLB, na ni rahisi kwake kuhitimisha kwamba hakuna klabu iliyomtaka mchezaji huyo kwa muda mrefu. Nusu ya hitimisho hilo ni kweli, lakini nusu iliyobaki inapotosha, kwa kuwa katika besiboli namna mchezaji alivyohama hueleza mengi kuliko idadi ya mara alizohama. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kusoma safari ya mtupaji wa aina hiyo kwa mpangilio unaoeleweka, na mfano mkuu ni Jackson mwenyewe, ambaye alipitia karibu kila aina ya uhamisho inayoruhusiwa na kanuni za ligi.

Kwanza elewa kwa nini watupaji huhama sana. Mtupaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na kurusha mpira wenye uzito wa takriban gramu 145 kwa mwendo ambao leo mara nyingi huzidi kilomita 150 kwa saa. Kiwiko na bega havikuumbwa kwa kazi hiyo. Msimu una michezo 162 kwa kila klabu, mtupaji anayeanza mchezo hupumzika siku nne au tano kabla ya kuanza tena, na kila mwaka kundi zima la watupaji huenda kufanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, ule ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mtupaji Tommy John na ambao humweka mchezaji nje kwa mwaka mmoja au zaidi. Matokeo yake ni kwamba hakuna klabu yenye watupaji wa kutosha kuanzia Machi hadi Septemba, na mtu mwenye mkono mzima anayeweza kucheza awamu tano au sita kati ya tisa za mchezo bila kuporomoka hupata mwajiri, hata kama hakuna anayemwona kuwa nyota.

Baada ya hapo fungua orodha ya miamala ya mchezaji, ambayo tovuti ya Baseball-Reference huiweka katika ukurasa wa kila mchezaji, uigawe katika mafungu matatu: mara alizobadilishwa kati ya klabu mbili, mara aliposaini akiwa mchezaji huru, na mara alipotemwa. Msomaji wa soka anapaswa kuwa mwangalifu hasa na fungu la kwanza. Katika soka mchezaji lazima akubaliane na klabu mpya, ilhali katika MLB klabu huhamisha mkataba wenyewe, na mchezaji huarifiwa tu kwamba kesho ataripoti mji mwingine. Ni wachache wenye haki ya kukataa: wale waliotumikia ligi kuu kwa miaka kumi, mitano ya mwisho ikiwa katika klabu moja, na wale walioandikiwa kifungu cha aina hiyo katika mkataba. Mtupaji anayehamahama, kwa sababu zilizo wazi, hafikishi miaka mitano mahali pamoja.

Sasa tazama miaka ya mwanzo ya Jackson. Los Angeles Dodgers walimchagua mwaka 2001, katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi, akitoka shule ya sekondari huko Columbus, Georgia, na tarehe 9 Septemba 2003, siku aliyotimiza miaka 20, alianza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu na kumshinda Randy Johnson, mmoja wa watupaji waliogopwa zaidi katika kizazi chake. Januari 2006 alibadilishwa kwenda Tampa Bay, Desemba 2008 kwenda Detroit, Desemba 2009 kwenda Arizona, Julai 2010 kwenda Chicago White Sox, na Julai 2011 kwenda St. Louis. Kwa kila mstari wa namna hii uliza swali moja: klabu iliyompokea ilitoa nini? Detroit ilimtoa Matt Joyce, mchezaji chipukizi aliyekuwa akitegemewa. Mpango wa Desemba 2009 ulihusisha klabu tatu na ukawahamisha kwa pamoja Jackson, Curtis Granderson, Ian Kennedy na Max Scherzer. Mtu asiyetakiwa hawekwi katika mizani moja na majina hayo, na kwa kweli Jackson alikuwa ametoka kuchaguliwa katika kikosi cha nyota wa mwaka 2009.

Mwaka 2010 unastahili kusomwa polepole. Tarehe 25 Juni, akiichezea Arizona dhidi ya Tampa Bay, klabu yake ya zamani, Jackson alimaliza mchezo mzima bila wapinzani kupata pigo halali hata moja, jambo ambalo watupaji wengi wazuri hustaafu bila kulifikia. Alirusha mipira 149 siku hiyo, idadi ambayo makocha wa sasa hawairuhusu, na aliwapa wapigaji wanane nafasi ya kutembea bure hadi kituo cha kwanza kwa kushindwa kulenga eneo halali. Matokeo yalikuwa 1 kwa 0. Mchezo huo una sifa zote za Jackson kwa wakati mmoja: mkono wenye nguvu isiyo ya kawaida, shabaha inayoyumba, na uvumilivu wa kuendelea kurusha. Wiki tano baadaye Arizona ilimpeleka Chicago. Anayedhani kwamba mafanikio makubwa humlinda mchezaji dhidi ya kuhamishwa airudie tarehe hiyo. Klabu iliyo mkiani mwezi Julai huuza kile ambacho klabu zinazowania ubingwa zinakihitaji, na bei huwa nzuri zaidi pale sifa zikiwa bado mpya.

Unapohesabu klabu, hesabu zile tu ambazo mchezaji aliingia uwanjani kwa ajili yao. Tarehe 27 Julai 2011 White Sox walimpeleka Jackson Toronto, na siku hiyohiyo Toronto ikampeleka St. Louis, hivyo hakurusha hata mpira mmoja akiwa na jezi ya Toronto na klabu hiyo haikuingia katika hesabu yake. (Katika kundi lililokwenda naye St. Louis alikuwemo Octavio Dotel, ambaye baadaye aliweka rekodi ya klabu 13. Sadfa hii haina maana yoyote ya kitaalamu, lakini ni vigumu kuiacha.) St. Louis ilitwaa ubingwa miezi mitatu baadaye. Toronto iliingia katika orodha ya Jackson miaka minane baada ya hapo, Mei 2019, na ikawa klabu ya 14 iliyovunja rekodi ya Dotel. Mwaka 2025 mtupaji mwingine, Rich Hill, aliifikia rekodi hiyo alipoichezea Kansas City.

Hatua inayofuata ni ya hesabu za utumishi, na wasomaji wengi huiruka ingawa ndiyo inayoeleza kwa nini mambo hutokea pale yanapotokea. Ligi huhesabu kila siku ambayo mchezaji yuko katika kikosi cha ligi kuu, na siku 172 hufanya mwaka mmoja wa utumishi. Siku 43 humpa haki ya pensheni. Baada ya takriban miaka mitatu mchezaji anaweza kudai mshahara mbele ya wasuluhishi, na baada ya miaka sita, mkataba wake ukiisha, anakuwa huru. Weka hesabu hiyo kando ya uhamisho wa Jackson utaona mpangilio: kadiri alivyokaribia uhuru ndivyo alivyokuwa ghali zaidi, na ndivyo klabu zilivyozidi kumbadilisha ili zisimpoteze bila kupata chochote. Uhuru ulipofika mwishoni mwa 2011, mabadilishano karibu yalikoma na saini zikaanza. Alisaini mwaka mmoja na Washington kwa dola milioni 11, kisha miaka minne na Chicago Cubs kwa dola milioni 52.

Mkataba huo wa Cubs ndio unaotenganisha nusu mbili za safari yake. Mwaka 2013 alishinda michezo 8 na kupoteza 18, mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi, na Julai 2015 klabu ikamwachia. Hapa msomaji anahitaji kujua kanuni ya fedha: katika besiboli mkataba wa ligi kuu kwa kawaida hulipwa wote hata mchezaji akitemwa, na klabu mpya inayomchukua hulipa kima cha chini tu huku ile ya zamani ikilipa kilichobaki. Kwa hiyo mchezaji aliyetemwa akiwa na mkataba mnono huwa bidhaa ya bei rahisi sana sokoni. Atlanta ilimchukua mwezi uliofuata, na mwaka 2016 akachezea Miami na San Diego. Usisome klabu hizo tatu kama ushahidi kwamba thamani yake ilikuwa imepanda. Zilikuwa zikipata mkono wenye uzoefu karibu bure.

Ni vyema pia kujifunza ngazi za kikosi, kwa sababu nusu ya pili ya safari ya mtupaji wa aina hii huamuliwa huko. Kila klabu ina orodha ya wachezaji 40, na kati yao 26 ndio walio katika kikosi cha siku. Mchezaji kijana anaweza kushushwa ligi za chini na kupandishwa tena katika misimu mitatu bila kupitia soko, na tangu 2022 klabu hairuhusiwi kumshusha zaidi ya mara tano kwa msimu. Misimu hiyo ikiisha, klabu inayotaka kumshusha lazima imwondoe katika orodha ya 40 na ndani ya siku saba imbadilishe, imwachie, au imweke wazi ili klabu nyingine zimchukue, na zenye rekodi mbaya zaidi hupewa nafasi ya kwanza. Mkongwe mwenye miaka mitano ya utumishi anaweza kukataa kushushwa. Tofauti ya kipato ni kubwa mno: kima cha chini cha ligi kuu kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa kila siku ya msimu, wakati mchezaji wa Triple-A, daraja la juu kabisa la ligi za chini, alihakikishiwa dola 35,800 kwa mwaka chini ya mkataba wa 2023. Ndiyo maana wiki mbili katika kikosi cha ligi kuu si jambo dogo kwa mtu wa miaka 33.

Mfano mzuri wa maisha hayo ya ngazi ni Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg na mtupaji wa kwanza kutoka Afrika Kusini kufika MLB. Cubs walimchagua mwaka 2011, lakini alifika ligi kuu Juni 2019 akiwa na Seattle, akamaliza mwaka huo Baltimore, akaenda Japani kuchezea Hiroshima, akarudi Marekani kuchezea San Diego mwaka 2022, kisha mwaka 2023 pekee akavaa jezi za Dodgers, Boston na Oakland. Mwaka uliofuata Houston ilimtumia katika michezo 62, na wastani wake ulikuwa kuruhusu pointi 2.23 kwa kila awamu tisa, kiwango ambacho mtupaji yeyote angejivunia. Wasomaji wa Uganda, ambako Dodgers walisajili watupaji wawili vijana mwaka 2022, wakiitazama njia ya Scott wataelewa vizuri ni miaka mingapi inaweza kupita kati ya kusaini na kufika.

Kuhusu takwimu, ushauri wangu ni kutoanza na ushindi na kupoteza, kwa kuwa mtupaji anaweza kurusha vizuri na kupoteza kwa sababu wenzake hawakufunga. Jackson alimaliza na ushindi 107 na kupoteza 133, na wastani wa pointi 4.78, namba ambazo peke yake hazielezi kwa nini alicheza michezo 412. Angalia awamu alizocheza kila msimu, kwa sababu mtupaji anayeweza kubeba karibu awamu 200, hata kwa ubora wa wastani, huwapumzisha wengine wote. Kisha linganisha idadi ya wapigaji aliowatoa kwa kukosa mpira na idadi ya wale aliowapa nafasi ya kutembea, na uangalie kama mwendo wa mipira yake unapungua. Mwisho tazama mazingira. Mwaka 2018 Oakland, iliyokuwa na majeruhi wengi, ilimwita Jackson mwezi Juni, naye akaanza michezo 17 kwa wastani wa pointi 3.33, na klabu ikafuzu hatua ya mtoano.

Miaka ya mwisho ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu mapengo katika ukurasa wa MLB huonekana kama kustaafu. Kabla ya kuandika kwamba mtu amemaliza, tafuta jina lake katika ligi za Japani, Korea Kusini, Taiwan na Meksiko, katika ligi za majira ya baridi za Karibi, na katika ligi huru za Marekani zisizo na uhusiano na MLB. Rich Hill alikuwa katika klabu ya ligi huru, Long Island Ducks, mwaka 2015 akiwa na miaka 35. Boston ikamwita akaanza michezo minne ya Septemba, Oakland ikampa mkataba wa mwaka mmoja, na kabla ya msimu wa 2017 alisaini miaka mitatu na Dodgers kwa dola milioni 48. Jackson naye alirusha mpira wake wa mwisho wa MLB mwaka 2019 akiwa amerejea Detroit, lakini mwaka 2021 alikuwa katika timu ya Marekani iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya Tokyo, na hakutangaza kustaafu hadi Septemba 2022. Tarehe ya kuandika katika wasifu ni ya tangazo hilo, na mchezo wa mwisho uandikwe kando yake kama jambo jingine.